Bili Inayochorwa Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Saa kumi alasiri, ukiwa katikati ya jiji la Dar es Salaam, inua macho uyatazame majengo ya ofisi yaliyoelekea magharibi. Vioo vimeanzia chini hadi juu, vya bluu au vya kijani, vinang'aa hadi macho yanauma. Nyuma ya vioo kuna mapazia, na mapazia yamefungwa. Nyuma ya mapazia taa zinawaka. Yaani jengo limevikwa vioo ili liingize mwanga, mwanga ukazibwa, zikawashwa taa, na taa hizo zinatoa joto ambalo kiyoyozi kinalipiwa kuliondoa.

Tupige hesabu ndogo. Jua la alasiri likipiga ukuta wa magharibi siku isiyo na mawingu, kila mita ya mraba hupokea wati 500 hadi 600. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha sehemu nne katika tano za joto hilo. Dirisha la mita za mraba 10 basi huingiza kilowati nne na ushei. Kiyoyozi cha BTU 12,000, kile ambacho kila duka la vifaa vya umeme linacho dirishani, kina uwezo wa kuondoa kilowati tatu na nusu tu. Kwa maneno mengine, kabla hajaingia mtu hata mmoja, kabla kompyuta haijawashwa, dirisha lile moja limekwisha kukimeza kiyoyozi kizima.

Tuhamie kwenye shilingi. Jua hupanda na kushuka, kwa hiyo tuseme kwa wastani kiyoyozi kinatumia kilowati 1.2 kupambana na dirisha hilo kwa saa tatu, siku 22 za kazi kwa mwezi. Hizo ni uniti 79. Kwa amri ya bei ya EWURA, mdhibiti wa nishati, ya mwaka 2016, mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT na tozo zake, uniti inakaribia shilingi 356. Dirisha linakula kama shilingi 28,000 kwa mwezi. Ghorofa yenye madirisha 12 ya namna hiyo upande wa magharibi inatumia zaidi ya shilingi laki tatu kila mwezi kupoza jua, na bado hatujahesabu kupoza watu.

Nani analipa? Hapo ndipo penye mzizi wa jambo lote.

Aliyelijenga jengo hakai ndani yake. Alimwambia msanifu anataka jengo la kisasa, na kisasa mjini kwetu kimekuwa kioo. Kila kivuli cha zege kilichopunguzwa kwenye ramani kilimwokolea saruji na nondo. Jengo likaisha, akatafuta wapangaji, kila ofisi ikafungiwa mita yake ya LUKU, na tangu siku hiyo umeme si shida yake tena. Mpangaji naye amekodi kwa miaka miwili au mitatu. Hawezi kubomoa ukuta, hawezi kugeuza jengo litazame kusini, na akitaka kubandika stika za kupunguza jua kwenye vioo anaambiwa aombe kibali kwa sababu jengo litaonekana viraka. Anachoweza ni kununua rimoti mpya. Waswahili husema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu wetu hali nao, huwaachia wapangaji wale peke yao.

Ndiyo maana sina imani sana na kampeni za kuwahimiza wafanyakazi wazime taa wakitoka. Wazime, ni vizuri. Lakini sehemu kubwa ya bili ya jengo iliamuliwa na watu waliokaa mezani na penseli miaka kumi kabla mfanyakazi huyo hajaajiriwa. Ukitaka kukodi ofisi, muulize dalali swali ambalo hajazoea kuulizwa: aliyekuwepo hapa alikuwa ananunua umeme wa shilingi ngapi kwa mwezi? Kodi ya pango inatajwa mpaka senti ya mwisho, ada ya huduma inatajwa, maegesho yanatajwa. Umeme unaambiwa utajinunulia mwenyewe.

Na si kwamba hatujui kujenga kwa hali ya hewa yetu. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana jua liko karibu na utosi mwaka mzima, hivyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini hukingwa na ubao mfupi tu wa zege juu ya dirisha. Jua la asubuhi na la jioni ndilo gumu, maana huja limeinama na kupita chini ya kivuli chochote. Mwenye kiwanja chembamba cha Kariakoo hawezi kuchagua jengo lake litazame wapi. Barabara imekwisha kumchagulia. Anachoweza ni kuamua upande wa magharibi uwe na nini. Weka huko ngazi, lifti, vyoo, stoo na chumba cha mitambo. Vitu hivyo havilalamiki joto.

Kariakoo penyewe pana jengo ambalo kila mwanafunzi wa usanifu angepaswa kupelekwa akalitazame juu. Soko kuu lililobuniwa na Beda Amuli, msanifu Mtanzania, na kufunguliwa katikati ya miaka ya 1970, lilisimamishwa juu ya nguzo zilizotanuka juu kama miavuli. Miavuli hiyo ilitoa kivuli, ilipitisha hewa, na ilikusanya maji ya mvua kuyapeleka chini. Soko lenye watu, samaki na mboga kwenye joto la Dar lilitegemea hewa inayopita, na umbo la paa ndilo lililofanya kazi hiyo. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya, lakini wazo halikuungua.

Panda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uangalie majengo ya miaka ya 1960. Marefu na membamba, chumba kimoja kwa upana, madirisha pande zote mbili ili upepo uingie huku utoke kule. Vivuli vya zege vimepangwa nje ya madirisha, na bloku za matundu zimejengwa kwenye korido na ngazi. Leo mengi yamefungwa viyoyozi, na mengine yamezibwa luva zake kwa bodi ili baridi isitoke. Sisemi turudi huko kichwakichwa. Mwanafunzi wa siku hizi ana kompyuta, vumbi na kelele za barabara zimeongezeka, na mwezi wa pili Dar feni peke yake haitoshi. Ila chumba chenye kivuli kinahitaji kiyoyozi kidogo, kwa saa chache. Chumba kisicho na kivuli kinahitaji kikubwa, kutwa.

Kuna jambo dogo ambalo limetuponyoka tukiangalia. Madirisha ya zamani ya mbao au luva yalifunguka yote. Madirisha ya alumini ya kusukuma, ambayo sasa yapo kila nyumba kuanzia Mbagala hadi Bunju, yakifunguliwa yote hufunguka nusu tu, kwa sababu kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Weka wavu wa mbu, hewa inapungua tena. Tulibadilisha dirisha, tukapoteza nusu ya upepo, tukaenda kununua kiyoyozi kufidia nusu iliyopotea. Upepo wa kusi na wa kaskazi tunapewa bure, na tumeufungia mlango kwa fremu ya alumini.

Katika makongamano ya usanifu hukosi kusikia jina la Eastgate, jengo la maduka na ofisi la Harare, Zimbabwe, lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu Mick Pearce alilibuni kwa kutazama vichuguu vya mchwa. Usiku feni husukuma hewa baridi kupita kwenye matofali na zege; mchana zege lile lililopoa huwapoza waliomo, na jengo halina mitambo ya kawaida ya viyoyozi. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini wanaotaka ihamishiwe Dar kama ilivyo wanasahau kwamba Harare ipo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi kweli. Usiku wa Dar wa Januari una nyuzi 25, na unyevu wa kulowesha shuka. Zege letu usiku halipati pa kupumulia. Nairobi, Arusha, Mbeya, Kigali: huko ndiko somo la Harare linakoingia moja kwa moja. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011 zinapitisha hewa kwa njia ya asili, hazina viyoyozi, na juu ya paa zina paneli za jua za kilowati 515. Kwa hiyo nikiona jengo la Nairobi limefungwa vioo visivyofunguka na kisha limewekewa viyoyozi, nashangaa zaidi kuliko ninavyoshangaa Dar. Mji uliopewa hewa safi ya bure umeikataa kwa gharama.

Majengo yaliyokwisha kusimama tuyafanyeje? Hayawezi kuvunjwa. Mfano ninaoupenda unatoka mbali, New York, kwa sababu unafundisha mpangilio wa hatua na si wa mashine. Empire State Building lilikamilika mwaka 1931. Kuanzia mwaka 2009 wenye jengo walilifanyia ukarabati wa nishati. Mitambo mikubwa ya kupoza ilikuwa imechoka, na njia rahisi ilikuwa kununua mipya, mikubwa zaidi. Hawakuanza huko. Walianza na madirisha yote 6,514: walivitoa vioo, wakavipeleka kwenye karakana waliyoiweka humohumo ndani ya jengo, wakaongeza utando katikati na gesi ya kuzuia joto, wakavirudisha. Nyuma ya mitambo ya kupasha joto chini ya madirisha waliweka vizuizi ili joto lisipotelee ukutani. Wakarekebisha taa na mifumo ya kuendesha hewa. Baada ya hapo mahitaji ya kupoza yakawa yamepungua kiasi kwamba mitambo ya zamani ilifanyiwa matengenezo tu, haikuhitaji kupanuliwa. Mpango mzima ulilenga kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38, sawa na dola milioni 4.4 kwa mwaka.

Wangeanza kwa kununua mitambo, wangenunua mikubwa kupita mahitaji, kisha siku ya kurekebisha madirisha ingebaki mitambo mikubwa isiyo na kazi. Kwetu mambo huanzia dukani. Joto likizidi, kiyoyozi cha BTU 12,000 kinang'olewa, kinafungwa cha 18,000, na dirisha linabaki vilevile.

Kabla ya kununua, toka nje ukaone kile kisanduku cha nje kimewekwa wapi. Nyuma ya majengo mengi ya mjini, katika uwazi mwembamba kati ya jengo na jengo, utakuta visanduku hivyo vimepangwa kimoja juu ya kingine ghorofa kwa ghorofa. Cha chini kinapumua hewa ya moto, inapanda, cha juu yake kinaivuta na kuipasha zaidi, hadi cha juu kabisa kinahangaika kupoza chumba kwa hewa ambayo tayari imepita kwa wenzake wanane. Mpangaji wa ghorofa ya juu analalamika kiyoyozi kibovu. Fundi anakuja, anajaza gesi, anaondoka. Miezi mitatu baadaye anarudi kujaza tena. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Ikipungua imevuja, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kilekile mara nne kwa mwaka. Vichujio vilivyojaa vumbi, mapezi ya nje yaliyoziba, rimoti iliyowekwa nyuzi 16 huku watu wamevaa masweta: haya hayahitaji mkopo wa benki kuyarekebisha.

Viwandani mambo ni makubwa zaidi, na kwa bahati nzuri ndiko fedha inakorudi haraka. Mwenye kiwanda ndiye mjenzi, ndiye mtumiaji, ndiye mlipaji. Hana wa kumsukumia. Kwa nini basi viwanda vinavuja? Kwa sababu bili inapelekwa kwa mhasibu, mhasibu anailipa, na karatasi haifiki kwa fundi aliye kwenye mashine.

Tuchukue hewa ya kompresa, nishati ambayo watu wengi hudhani ni ya bure kwa kuwa ni hewa. Tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye presha ya bar 7 hupoteza hewa inayoilazimu kompresa kutumia kilowati tatu hadi nne za ziada. Shika tatu. Kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana kwa siku 300 kinapoteza uniti 21,600 kwa mwaka. Mteja wa kundi la T2, la watumiaji wakubwa, kwa bei ya 2016 analipa shilingi 195 kwa uniti, kabla ya kodi. Tundu lile ambalo hata penseli haipiti linakula zaidi ya shilingi milioni 4. Na kiwanda hakina tundu moja. Kina maungio yaliyolegea, mipira iliyochanika ikafungwa kwa mpira wa baiskeli, na vali ambazo hazijawahi kufungwa tangu mashine ya zamani iuzwe. Katika viwanda vingi, robo ya hewa yote inayotengenezwa huishia angani.

Kuipima hakuhitaji mtaalamu kutoka nje. Subiri Jumapili, mashine zote zimezimwa. Washa kompresa peke yake, simama na saa mkononi. Hakuna anayetumia hewa, kwa hiyo ikishajaza tangi ingepaswa kunyamaza. Ikiwa katika kila dakika kumi inanguruma tatu, basi asilimia 30 ya uwezo wake inakwenda kwenye matundu. Kisha chukua ndoo ya povu la sabuni na brashi, upite kwenye maungio moja baada ya jingine, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Palipotoka mapovu weka alama ya rangi. Ukiwa hapo, tazama pia presha: wengi huendesha bar 8 kwa mashine zinazohitaji 6 kwa sababu zamani kulikuwa na malalamiko ya hewa ndogo, na hewa ilikuwa ndogo kwa sababu ilikuwa inavuja. Kila bar moja unayoshusha hupunguza umeme wa kompresa kwa kama asilimia 7.

Jambo la pili limo kwenye bili yenyewe, mstari ambao mhasibu huuona kama fumbo: kVA. Mteja mkubwa halipi uniti pekee. Anatozwa pia kwa kilele cha mzigo alioubebesha mtandao mwezi huo. Mota zinahitaji mkondo wa kutengeneza usumaku, mkondo ambao haufanyi kazi yoyote ya kuzungusha lakini unapita kwenye nyaya na transfoma za TANESCO, shirika la umeme, na nafasi hiyo lazima ilipiwe. Mafundi hupima hali hii kwa pawafakta. Kiwanda chenye mzigo wa kilowati 200 na pawafakta ya 0.75 kinaonekana kwa TANESCO kama kVA 267. Kikifunga kapasita zinazofaa na pawafakta ikapanda hadi 0.95, kinaonekana kama kVA 211. Tofauti ni 56, na kwa T2 kila kVA ilipangiwa shilingi 15,004 kwa mwezi. Hizo ni kama shilingi 840,000 kila mwezi, zaidi ya milioni 10 kwa mwaka, bila kupunguza uzalishaji hata wa kipande kimoja. Nimeona makabati ya kapasita kwenye vyumba vya umeme yakiwa yamezimwa, taa zake zote zimekufa, na hakuna anayekumbuka ni nani aliyeyazima.

Mota iliyoungua inapelekwa kusukwa upya, na safari inayofuata inasukwa tena. Ni desturi yetu, na kwa mota kubwa iliyosukwa na fundi makini haina ubaya. Lakini kila usukaji wa ovyo huiongezea mota ulaji kidogo, na mota ya kiwandani katika maisha yake hula umeme wa fedha nyingi mara kadhaa kuliko bei yake ya kununuliwa. Feni na pampu zina siri nyingine. Ukipunguza mwendo wa feni kwa moja ya tano, haipunguzi umeme kwa moja ya tano: inapunguza karibu nusu. Kwa hiyo pampu inayozungushwa kwa nguvu zote huku vali yake imekabwa nusu ni dereva anayekanyaga mafuta na breki pamoja. Kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota hujilipa mapema panapokuwa na kazi inayobadilika. Kuhusu boila nitasema moja tu: bomba la mvuke lililo uchi, ambalo wafanyakazi hupasha chakula chao juu yake, linachoma fedha ya mwajiri.

Na paa. Godauni la bati lililopauka na kushika kutu hunyonya jua kutwa, na wanaofanya kazi chini yake ndio wanaoligharamia kwa jasho na kwa makosa ya kazini. Rangi nyeupe ya paa ikiwa safi hurudisha sehemu kubwa ya jua ilikotoka. Bati chache za kupitisha mwanga huzima taa za mchana. Hizi ni kazi za mafundi wetu wa kawaida.

Nimeacha nyumba za kupanga za ghorofa hadi sasa kwa sababu ndizo zinazonikera zaidi. Nyumba yenye familia sita, LUKU moja. Mwisho wa mwezi wanachanga sawa kwa sawa. Mwenye friji na pasi analipa sawa na mwenye taa mbili na chaji ya simu. Anayebana matumizi anawapunguzia wenzake watano na yeye anabaki na sehemu ya sita ya alichookoa, kwa hiyo habani mtu. Ugomvi wa LUKU umevunja ujirani mwingi kuliko ugomvi wa maji.

Lakini hasara kubwa haionekani kwenye ugomvi. Katika amri ile ya bei ya 2016 kuna kundi la D1, la wateja wadogo wa majumbani wanaotumia kwa wastani hadi uniti 75 kwa mwezi, na uniti yao ni shilingi 100. Familia zile sita, tuseme kila moja inatumia uniti 60. Kila moja ikiwa na mita yake na ikiwa kwenye kundi hilo, zote kwa pamoja zingelipa shilingi 36,000 kwa mwezi kabla ya kodi na tozo. Zikichangia mita moja zinakuwa mteja mmoja wa uniti 360, anahesabiwa T1, na bili ni zaidi ya shilingi 105,000. Karibu mara tatu, kwa umeme uleule. Bei nafuu iliyowekwa kwa ajili ya wanyonge inawapita wanyonge wenyewe kwa sababu mwenye nyumba hakutaka kuomba mita sita. Submita za mtaani husaidia kugawa haki ndani ya nyumba, lakini haziirudishi bei ya D1.

Kwenye maghorofa ya tabaka la juu kidogo, kinachokula umeme wa pamoja ni pampu ya maji, lifti na taa za ngazi. Pampu ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Mlinzi anaiwasha saa tano usiku ili kujaza matangi ya juu, anasinzia, na saa nane wapangaji wanaamshwa na maji yanayomwagika kutoka juu ya paa. Umeme umepotea, maji yamepotea, na ada ya huduma itapanda. Boya la kuzima pampu tangi likijaa ni kifaa cha bei ndogo sana kukilinganisha na pampu yenyewe. Choo kinachovuja ghorofa ya sita nacho ni mzigo wa umeme, maana kila lita inayopotea huko ilipandishwa kwa mota. Na anayekaa ghorofa ya mwisho chini ya zege tupu atawasha kiyoyozi hadi saa saba usiku, kwa sababu dari yake bado inatoa joto la mchana.

Nasikia hoja inayokuja: mgao wa umeme umekwisha. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, na wanaokumbuka giza la 2022 na 2023 wanaona si wakati wa kuzungumza juu ya kubana. Umeme upo, tuutumie. Kwa nchi hoja hiyo ina nguvu yake. Viwanda vitumie, kwa kweli. Lakini wingi wa maji bwawani haushushi bili ya mpangaji aliye nyuma ya kioo, na umeme unaofika gridi bado unapaswa kupita kwenye transfoma ya mtaa ambayo ilifungwa wakati mtaa huo una nyumba za chini tu. Transfoma ikizidiwa, jenereta linawashwa. Jenereta linahitaji kama theluthi ya lita ya dizeli kwa uniti moja. Dizeli ikiwa shilingi 3,000, uniti inakaribia shilingi 1,000 kabla ya kulipia mafuta ya injini na fundi. Jengo linalopoteza theluthi ya umeme linalazimika pia kununua jenereta kubwa kwa theluthi hiyo.

Kenya walichagua njia ya sheria. Kanuni zao za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zilimtaka mwenye kiwanda, jengo la biashara au taasisi inayotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka afanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, na mkaguzi awe na leseni. Kifungu kinachonivutia ni kinachofuata: baada ya ukaguzi alilazimika kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyobainishwa kabla ya ukaguzi mwingine. Waliotunga walijua ripoti hupelekwa kabatini. Usimamizi haukuwa mkali kila mahali, kama ilivyo kawaida ya kanuni zetu za Afrika Mashariki, lakini kanuni hiyo ilizalisha wakaguzi, ikazalisha kazi, na ikamfanya meneja wa hoteli ya Mombasa ajue jengo lake linakula uniti ngapi kwa mwaka. Mtu asiyejua namba hiyo hana pa kuanzia.

Kanuni ya namna hiyo inawafikia waliokwisha kujenga. Kwa wale ambao bado wako kwenye karatasi, kazi ni nyepesi zaidi na mahali pa kuifanyia papo tayari. Hakuna ghorofa linalojengwa kihalali mjini bila ramani kupita halmashauri, ambako afisa anaangalia mpaka wa kiwanja, ngazi za dharura, mfumo wa majitaka na maegesho. Kwenye ramani hiyohiyo, pembeni, msanifu amechora mshale wa kaskazini. Afisa akiwa na rula na kikokotoo anaweza kupima eneo la kioo kwenye ukuta wa magharibi na wa mashariki, aangalie kama kuna kivuli chochote juu yake, aandike namba ya uniti ambazo kioo hicho kitakula kwa mwaka, na namba hiyo ibandikwe kwenye mkataba wa kila mpangaji atakayekuja. Msanifu akiiona namba ile kabla ya muhuri kugongwa, bado ana muda wa kufuta.